Mpe Ashike Kitana Mwenyewe

Weka chini hicho kitana kwanza, mwanangu. Sijakuja kugombana. Nimesikia mtoto wako akilia kupitia huu ukuta, na miguu ikainuka kabla kichwa hakijaamua. Miaka yote hii, mtoto akipiga nduru ghafla hapa Kimumu, mimi hutafuta mlango. Chai usinipikie, siwezi kukaa. Nitaongea hivi hivi nimesimama.

Nakumbuka Jumamosi moja tukiwa Langas, muda mfupi baada ya vita ya uchaguzi. Tulikuwa tumetoka kanisani tulikokimbilia, tukarudi kwa nyumba yetu ya kupanga, tukakuta mlango umevunjwa na kitanda kimeenda. Ati kumetulia. Kumetulia wapi! Watu walisalimiana vizuri, lakini kila mtu alikuwa anasikiliza. Fundi akigonga bati, mtaa mzima unanyamaza. Begi la nguo za mtoto nililiacha nyuma ya mlango, tayari kwa kukimbia, na kila nikipita naligusa kuhakikisha bado lipo.

Msichana wangu Njeri alikuwa wa kuanza darasa la kwanza Jumatatu hiyo. Huyo mtoto alisikia kila kitu kwa ngozi. Kile kitambaa kidogo kinachoshonwa nyuma ya shingo ya sweta, lazima nikikate. Mashine ya kusaga posho ikinguruma, anaziba masikio na kulia. Siku hizi kuna kliniki zinazoelewa watoto kama hao. Sisi tulisema ana maringo.

Na nywele! Nyingi, zimejikunja, na kule kanisani sikuzigusa hata kidogo, nilimfunga kitambaa tu. Zilikuwa zimeshikana kama blanketi lililofuliwa vibaya. Mwalimu alishaniambia waziwazi: aje amesukwa ama amenyolewa. Tulipompeleka kwa kinyozi, mashine ilipoanza kulia Njeri alimuuma mkono, akatoka mbio hadi barabarani. Barabara za wakati huo, mwanangu, hukutaka mtoto wako akimbie peke yake huko. Sasa baba yake akaapa: nywele zisipokuwa zimefunguka kufikia Jumapili jioni, atamshika amnyoe kwa nguvu.

Kuna jambo lingine, na hili huniuma hata kulisema. Siku tuliyokimbia tulijificha kwa shamba la mahindi, na nilimziba Njeri mdomo kwa mkono wangu ili asilie. Nilimziba sana. Tangu siku hiyo hakutaka nimguse kichwa.

Basi nikafanya kama mama yangu alivyonifanya, kama wewe ulivyokuwa unafanya sasa hivi. Nikaketi mlangoni, nikamkaza katikati ya magoti, nikaanza kuchana nywele kavu kutoka kwenye mizizi. Njeri akapiga nduru moja, Ngai, Mungu wangu!

Mtaa ukalipuka. Bati zikagongwa, filimbi ikalia, wanawake wakavuta watoto ndani. Kijana akaruka ua na panga, anauliza, "Wameingilia wapi?" Mama mmoja tayari alikuwa amefika kona na godoro kichwani. Nami nimesimama na kitana mkononi. "Ni nywele," nikasema. "Ni nywele tu." Hakuna aliyecheka.

Aliyekuja karibu ni Mama Halima, Msomali mwenye duka pale pembeni, mzee kuliko mama yangu. Akanipokonya kitana.

"Kwani unang'oa magugu? Huyu hana kiburi. Huyu anaumia."

"Mama, Jumatatu ni shule."

"Shule itakuwa hapo. Mkono wako ndio Mungu alimpa wa kumtuliza. Ukimtisha nao, siku ingine atakimbilia kwa nani?"

Nililia mbele ya watu wote, haki.

Akatupeleka nyuma ya duka, mahali hakuna kelele. Akaleta maji ya vuguvugu na mafuta ya simsim. Kitana chenye meno mapana akampa Njeri ashike, akikague, amchane nacho mdoli wake wa matambara. Mimi akanifundisha kulaza kiganja chote kichwani, kwa uzito, maana kugusa kidogo kidogo kulimsumbua zaidi. Kushika kifungu cha nywele karibu na ngozi ili mvuto usifike ngozini. Kufungua kwa vidole, kuanzia ncha, nikipanda pole pole. Na kabla ya kugusa, niseme. Mtoto akisema "bado," mikono juu, hata kama umebakisha kidogo.

Njeri alisema "bado" mpaka nikataka kuuma ukuta! Jua linashuka, watu wanaanza kujifungia, mimi natazama kichwa ambacho hata nusu hakijafika. Jumapili baada ya ibada tukaendelea nyumbani. Jioni baba yake akaingia na mashine ya kuazima, akaiwasha kuijaribu.

Njeri akaruka. Nikajua anaenda barabarani. Lakini alikuja kwangu, akalaza kichwa mapajani, upande ambao haujachanwa ukiwa juu, akanitia kitana mkononi. "Sasa," akasema.

Baba yake alizima mashine, akatoka nayo nje. Jumatatu Njeri alienda shule amesukwa mistari minene iliyopinda. Mwalimu alimwangalia, akamwonyesha dawati.

Leo vidole vyangu vinatetemeka, na Njeri akitoka kwake Moiben ndiye hunichana hizi mvi. Mwanamke mzima, ana watoto wake. Huniambia, "Mama, naanza. Niendelee?" Halafu anangoja nijibu. Hata daktari hajawahi kuningojea hivyo.

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Lowesha nywele, tia mafuta, anza kwenye ncha, na ukichoka, acha nusu; kwenda kanisani na nusu kichwa hakujaua mtu. Lakini usimkaze mtoto kwa magoti ukasema unampenda. Mwambie kabla ya kumgusa, na neno lake ulisikie. Mungu ailinde hii nyumba, aipe mikono yako subira ambayo yangu ilichelewa kupata, na nduru ya mtoto wako isiwahi kumkimbiza mtu kutoka nyumbani kwake tena.

Haya, mtoto amenyamaza, anatuangalia. Mpe kitana. Tutangoja.