Pikipiki Yenye Pembe

Mke wangu alinipa sharti moja tu: nisitoboe tundu la taa mpaka yeye aione ile filamu kwa macho yake. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya Gisozi, natengeneza gamba la mbele la pikipiki, lile linalozunguka taa na kukata upepo, mfano halisi wa pikipiki ya filamu niliyoipenda utotoni. Likifanana na lile la kwenye filamu, nitalifunga kwenye pikipiki yangu. Lisipofanana, yeye anao bata, na bata wanahitaji mahali pa kuogea. Lenye tundu halishiki maji.

Nilikubali kwa dharau. Ningeshindwaje? Filamu ile nilikuwa nayo kichwani tangu enzi za ukumbi wa video kule Rwezamenyo, ukumbi wa agasobanuye, ambako filamu ya kigeni ilikuwa na msimulizi wetu anayezungumza juu ya sauti za waigizaji wote, wanaume kwa wanawake kwa mbwa. Mimi nilikuwa mfupi, na mbele yangu daima liliketi jibaba lenye kofia. Kwa hiyo nilichungulia kidogo na kusikiliza sana. Pikipiki ilipotokea, msimulizi alinguruma: "Mulale chini! Inyambo ya chuma iko inakuja! Pembe mpaka mawingu!" Inyambo ni wale ng'ombe wetu wa kifalme, wenye pembe ndefu kuliko akili. Ukumbi mzima tulilala chini kweli.

Basi nikachukua udongo wa mfinyanzi, nikaufinyanga mpaka ukapata pua pana na pembe mbili. Nikaupaka nta ya sakafu ili gamba lisigande, nta ya mke wangu bila shaka, kisha nikatandaza vitambaa vya nyuzi za kioo na kuvilowesha rezini niliyouziwa kwenye karakana za Agakiriro na mafundi wanaoziba bampa za magari. Mara ya kwanza nilizidisha dawa ya kukaushia. Rezini ikachemka yenyewe ndani ya jagi la chai, ikafuka moshi, ikawa jiwe. Jagi hilo bado tunalo. Linazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Lakini kupiga msasa ndiko kulikotuaibisha. Vumbi la kioo lilitua kwenye nguo zilizoanikwa, na Jumapili familia nzima ikaenda kanisani imevaa muwasho. Tulijikuna wakati wa nyimbo, tukajikuna wakati wa sadaka, na katikati ya maombi mke wangu akainuka akajisugua mgongo kwenye nguzo. Mchungaji alifurahi sana, akatangaza kwamba Roho ameshuka kwenye benchi letu.

"Ameshuka kweli," mke wangu aliniambia tulipotoka. Yeye amekulia Bukoba, hata hasira yake ina adabu. "Na tukifika nyumbani, baba watoto, utaniambia ameshukia nini."

Gamba lilitoka zima. Pembe ya kushoto ilipinda kidogo, lakini ukipenda, chongo utaita kengeza. Mimi niliona imepindishwa na mwendo kasi.

Ndipo dada yake mke wangu akatutumia ile filamu, filamu yenyewe, bila msimulizi. Tukaketi sebuleni, mke wangu na bakuli lake la karanga. Pikipiki ikatokea. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, na uso wake bapa kama redio. Ikapita kimya kimya. Hakuna aliyelala chini.

"Rudisha nyuma," nilisema.

Akarudisha. Hakuna pembe.

"Labda zimekunjwa."

Karanga zilikuwa zimempalia kwa kicheko. Mimi niliumia, tena sana. Msimulizi yule alikuwa amenidanganya utoto mzima, nami nimekaa kuufinyanga uongo wake, nikaupaka nta na kuupiga msasa.

Sharti ni sharti. Nikajitwika gamba kichwani, pembe mbele, nikazunguka kwa njia ya barabarani kuelekea banda la bata. Mwendesha moto mmoja, moto ndiyo bodaboda ya kwetu, aliyekuwa akipanda mlima na abiria wake akafunga breki. Alikuwa wa umri wangu, ndevu zimeanza kuota mvi.

"Yampaye inka!" alisema, kama tusemavyo tukishangaa. "Mzee, hiyo si iko ile moto ya filme? Ile ya agasobanuye, Rwezamenyo?"

Nilimwambia kwa uchungu kwamba nimeiona filamu, na pikipiki yake haina pembe.

"Nani amekudanganya? Iko na pembe! Mimi niliiona na macho yangu!" Akashika ile ya kushoto. "Hata hii ilikuwa imepinda hivi hivi."

Kisha akasimama katikati ya barabara, akanyoosha mikono, akanguruma: "Mulale chini!"

"Inyambo ya chuma iko inakuja!" nikaitikia chini ya gamba.

"Pembe mpaka mawingu!" tukamalizia pamoja. Abiria akasema yeye atashukia hapo hapo.

Mke wangu alikuwa ametoka getini na ndoo ya maji ya bata. Alimtazama yule mtu, akanitazama mimi, akatazama pembe.

"Hivi mlikuwa wangapi kwenye huo ukumbi?" aliuliza.

"Ulikuwa unajaa, mama," yule mwendesha moto akasema.

Mke wangu akaitua ndoo.

"Bata wataogea kwenye karai," alisema. "Haya, baba watoto, toboa."