Mtu wa Ishirini

Meli yetu ilizama asubuhi kweupe, nikiwa namenya viazi. Ila kilichonitoa jasho siku ile hakikuwa maji. Ni mtu wa ishirini.

Ngoja nianze vizuri.

Nilikuwa mpishi wa meli ya mizigo wakati wa vita. Tulikuwa kumi na tisa, tunapeleka unga kwenye bandari zinazopigwa mabomu. Wenzetu wa meli nyingine waligoma. Sisi tulienda mara sita.

Safari ya sita, tumeshang'oa nanga, nikamkuta mzee kajibanza stoo ya kamba. Mzamiaji. Fundi cherehani, nyumba yake imelipuliwa, mwembamba kama uzi wake.

"Mwanangu, nisitiri."

Kepteni alishatangaza: atakayeficha mzamiaji, kazi hana. Na mimi nina watoto wanne. Nikauchuna. Kila mchana nikampelekea sahani, roho mkononi.

Wiki ya tatu tukagonga bomu la majini. Maji yakaingia bila hodi.

Wenzangu wakakimbilia boti. Mimi nikasema liwalo na liwe, nikabeba jaketi la kuokolea, nikashuka stoo.

Mlangoni nikamkuta chifu injinia. Naye ana jaketi la ziada.

"Unatafuta nini huku?"

"Kamba. Na wewe, chifu?"

"Kamba."

Mara Kepteni huyo, jaketi mkononi.

"Fungueni mlango, pumbavu nyie. Mzee wangu yumo humo."

Kumbe mimi mchana, chifu usiku, Kepteni asubuhi, na chai ya maziwa juu.

Mlango ulikuwa umepinda kwa mlipuko. Ilibaki tundu la hewa. Mzee akapitisha kichwa, akapitisha mabega, tumbo likagoma.

"Nani kamlisha hivi?" Kepteni akafoka.

Kisha mwenyewe akaangalia pembeni.

Maji yalishafika magotini. Nikakimbia jikoni, nikarudi na dumu la mafuta, nikammwagia lote. Tukavuta. Akachomoka.

Tukiwa kwenye boti tuliiangalia meli ikienda chini na unga wa watu wenye njaa. Nililia, sioni aibu kusema.

Serahangi, msimamizi wetu wa sitaha, mtu mkali asiyecheka na nyani, akamsogelea mzee.

"Samahani, baba. Leo sikuwahi kukuletea uji."

Siku hizi nikiona watu wamenyamaza mbele ya mwenye shida, siharakishi kusema hawana utu. Huenda kila mmoja anamwogopa mwenzake tu.