Nilisoma Mwisho wa Ujumbe Tu

Kosa ni langu mwenyewe. Nimechoka kuisingizia simu, nimechoka kusingizia kazi nyingi, hivyo acha niseme hapa ambapo hakuna anayenijua.

Nauza samaki Mwanza. Asubuhi nachukua sato mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha, nawapanga kwenye barafu, nawapakia kwenye gari linalovuka ziwa pale Busisi kwenda Sengerema. Wateja wangu wengi ni mama lishe, na oda zao zinakuja kwa simu.

Wa kwanza kabisa alikuwa Mama Kulwa wa Sengerema. Huyu aliniamini nikiwa sina hata boksi la barafu la kwangu. Nilimwita mama, akaniita mwanangu, na haikuwa kwa ajili ya biashara.

Ujumbe wake ulikuwa mrefu, basi! Ataanza na salamu, atauliza watoto, atauliza goti langu linalonisumbua, atasimulia mvua ya kwao na ng'ombe aliyepotea. Oda ya samaki utaikuta chini kabisa, kama mgeni anayeona aibu kusema kilichomleta.

Wateja walipoongezeka nikaenda semina ya wajasiriamali. Mwezeshaji alitufundisha kumjibu mteja haraka, kwa lugha rasmi, na kuandaa majibu mapema kwenye simu. Hakusema tusisome. Hilo niliongeza mwenyewe. Nikawa nashuka moja kwa moja chini ya ujumbe, naiona oda, nabonyeza jibu, nahamia kwa mwingine. Nilijiona mjanja, jamani.

Siku hiyo nilikuwa mwaloni, mikono imejaa magamba. Ujumbe wa Mama Kulwa ukaingia, mrefu kama kawaida. Nikashuka chini. Anataka sato wengi kuliko siku zote, wafike kesho asubuhi. Nikafurahi, nikabonyeza:

"Ndugu mteja, asante kwa kutuchagua. Tunafurahi pamoja nawe. Karibu tena na tena."

Mzigo ukaenda. Baada ya hapo kimya. Hakuna oda, hakuna salamu. Mwishowe nikampigia nikiwa mwaloni, nimeandaa utani wangu kwamba mama umenihama. Akapokea binti yake. Akasema mama hana nguvu ya kuongea, ila niusome ule ujumbe wa mwisho, niusome wote.

Nikausoma. Hata siku ile alianza kwa kuuliza goti langu! Halafu katikati akaandika: "Mwanangu, baba Kulwa ametutoka usiku wa kuamkia leo. Tunazika kesho. Ukiweza panda hilo gari la samaki uje, nikuone."

Wale sato walikuwa wa kulisha waombolezaji. Na mimi nikamwambia nafurahi pamoja naye, karibu tena! Ee Mungu wangu, nilikaa chini palepale kwenye matope.

Nilikwenda Sengerema, nimechelewa kama nilivyochelewa. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaagiza niletewe kiti. Hakunigombeza. Nilipoanza kueleza habari za semina na majibu ya kuandaa, akanikatiza taratibu.

"Mimi nilidhani namwandikia mwanangu," akasema.

Basi. Akainuka, akaniandalia chakula, nikala.

Anasema amenisamehe, nami naamini. Samaki bado ananunua kwangu. Lakini ujumbe wake siku hizi unasema hivi: "Sato tenga moja. Kesho." Mfupi, rasmi, unajibika kwa kidole kimoja. Nilichokitaka nimekipata.

Ndugu yangu unayeuza kwa simu, hao wateja wanaokuchosha kwa maneno mengi, wasome kuanzia juu. Kabla hawajataka bidhaa yako, wanakutaka wewe. Ukiwafundisha kufupisha, watafupisha kweli, na hawatarudi kuwa warefu tena.

Goti langu bado linauma. Hakuna anayeuliza.