Namba Moja Anayeita Mama

Nilikuwa saluni moja ya Chanika, nimefuata umbea, si nywele, redio ilipotangaza kwamba ule wimbo wa disko umeshika namba moja tena. Binti aliyeuimba alizikwa kabla haujavuma. Mama yake alikuwa pale anasukwa, na wimbo ulipopigwa, kila sauti ya bintiye ilipoita "Mama!" aliitika, "Abee, mwanangu."

Ghafla umeme ukakatika, redio ikanyamaza. Sauti ikaita tena, "Mama!"

Kwetu ukiitwa na usiyemwona huitiki, maana utamfuata. Nikamziba mdomo kwa kiganja, akaning'ata.

"Bibi, niache! Mwanangu ananiita!"

"Ndiyo maana nimekuziba."

Tangu siku hiyo hanipi shikamoo. Sawa, aninunie hadi achoke, mradi aninunie akiwa juu ya ardhi.