Baba wa Watoto wa Nyansurura

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Maendeleo wa Wilaya pale Bomani, Tarime, alinikuta nimesimama mlangoni na viatu vya kuazima. "Ndugu, hapa hatuajiri mlango. Ingia," alisema. Nikaingia. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikidhani najua mengi.

Kazi yetu ilikuwa kuombea vijiji ruzuku, yaani fedha za msaada ambazo hazirudishwi. Mfadhili alitoa bati, saruji na unga wa uji kwa kituo cha kulelea watoto wadogo, ili mama zao waende shamba la kijiji wakiwa na amani. Wananchi walichangia nguvu zao: kufyatua matofali na kuchota maji. Ombi zima tuliliita andiko.

Baadaye nilihamishiwa Serengeti. Mke wangu alikataa kuhama, nami nikapanga chumba Mugumu. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala nikitazama ukuta.

Kijiji changu kikubwa kilikuwa Nyansurura. Huko aliishi mama mtu mzima aitwaye Bhoke, ambaye hakujaliwa kuzaa. Kwa mila yetu sisi Wakurya, mwanamke wa namna hiyo huweza kutoa ng'ombe zake akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobu. Mwanamume aliyewazaa haulizwi, wala hadai. Bhoke alikuwa amemwoa Robi, wakapata watoto wawili.

Mfadhili alitaka kila mtoto wa kituo awe na baba anayejulikana, atakayefyatua matofali. Nilimweleza mkuu wangu mpya, Afisa Ustawi.

"Mwanamke hawezi kuwa baba, ndugu."

"Kwa huku anaweza, mzee."

"Huku ni wapi? Huku si Tanzania? Andiko likirudishwa, utakwenda wewe kuwaeleza wanakijiji."

Nikaenda kwa Bhoke. Alinisikiliza akikamua ng'ombe.

"Baba ni mimi," alisema. "Ng'ombe zilitoka kwangu. Au mfadhili wako anataka ndevu?"

Robi alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilibembeleza. Nilisema ni jina tu, kwa ajili ya uji wa watoto. Mwishowe Robi akamtaja Chacha, jirani yao, nikamwandika kwenye andiko kuwa baba, na Chacha akafyatua matofali kwa furaha.

Kituo kilijengwa. Watoto walinenepa, nami nikasifiwa. Ndipo Chacha akaenda baraza la kijiji kudai watoto na mama yao. "Serikali yenyewe inanitambua," alisema.

Bhoke alisimama. "Mwulizeni huyu kijana wa maendeleo. Ni Mkurya, anajua."

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. Afisa Ustawi alikuwa ameketi kando yangu. Nilijua mila ile tangu utotoni; shangazi yangu mwenyewe alioa. Maneno machache tu yalihitajika. Nikasema, "Mimi nafuata maelekezo ya ofisi."

Baraza likampa Chacha haki, naye akawachukua. Robi alilia njia nzima, lakini aliwafuata wanawe.

Baada ya hapo nilipandishwa cheo, nikahamishwa tena na tena, kisha nikastaafu. Ninyi mnaofanya kazi hii sasa mna magari na semina. Sina la kuwafundisha kuhusu kuandika andiko. Nasema tu kwamba sharti la mfadhili linaweza kujadiliwa. Sisi tuliogopa hata kujaribu. Mimi niliogopa.

Nilipostaafu nilikwenda Nyansurura kuomba radhi. Bhoke alikuwa amezeeka sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nilisema niliyokuja kusema. Yeye alijua kwamba mgeni hakai bila kupewa kitu, akageuza kichwa kuelekea uani kama anayetaka kumwita mtu. Uani hapakuwa na mtoto. Kisha akaishika fimbo yake, akainuka taratibu, akaenda mwenyewe kuniletea maziwa.