Ng'ombe wa Nabwile na Droni ya Kipkosgei

Wewe ungemuuza ng'ombe wa mke wako ili ununue kitu ulichokiona kikiruka mara moja tu?

Usijibu haraka. Wakhungu naye hakujibu haraka, ingawa alikuwa na kila sababu ya kuharakisha. Alikuwa na miaka arobaini na sita, goti la kulia bovu, na kazi moja tu iliyobaki mwezi ule: mazishi ya mwalimu mstaafu kule Tongaren, Jumamosi. Binti wa marehemu, Emmy, alikuwa amempigia simu Jumatatu na kumuuliza swali ambalo siku hizi kila mteja huanza nalo, hata kabla ya salamu.

"Uko na droni?"

"Niko na kamera mbili, dada, na taa za..."

"Mzee, nimeuliza droni. Watu watajaa huko, na tunataka waonekane kutoka juu. Hata msafara ukitoka mochari asubuhi mapema tunataka uonekane wote. Kama huna, kuna kijana wa Webuye ako nayo. Nipe jibu Alhamisi, saa sita ya mchana isipite."

Wakhungu alisema atampa jibu. Alikata simu, akakaa kwenye benchi la duka lake dogo la picha mjini Bungoma, akalisugua goti.

Kwa miaka ishirini, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa droni ya Bungoma. Familia ikitaka picha ya kutoka juu, Wakhungu alipanda. Alipanda lori lililoleta mahema. Alipanda tangi la maji, na paa la kanisa huku wazee wa kanisa wakimwombea chini. Siku moja karibu na Chwele alipanda mkaratusi, kamera ameifunga kifuani kwa leso ya mkewe Nabwile, na kabla hajashuka waombolezaji wakahamishia viti vyao kwenye kivuli cha mti uleule. Alikaa huko juu mahubiri matatu mazima, kwa sababu hakuona namna ya kumshukia mchungaji kichwani. Watu walicheka mwaka mzima. "Wakhungu, leo unapanda wapi?" walimuuliza sokoni, naye akawaonyesha mawingu.

Kisha miaka miwili iliyopita kamba ya turubai ilimtelezea akiwa juu ya lori. Alipokuwa akianguka aliikumbatia kamera kama mtoto, ardhi akaipa goti. Mwenye msiba alikuja mbio, akainama, akauliza kama video imeharibika. Hakuna aliyeuliza habari za goti. Ndivyo tulivyo sasa: fundi anakufa na ujuzi wake mkononi, sisi tunakazana kuuliza kifaa chake ni cha mwaka gani.

Droni mpya ya dukani ilikuwa ndoto. Lakini kulikuwa na mtu Kitale, mpiga picha mwenzake aliyeitwa Kipkosgei, aliyetangaza kwenye simu kwamba anauza yake. Picha zilionyesha mashine ya kijivu yenye mikono minne, betri tatu na mkoba wake. Bei ilikuwa inalingana na thamani ya ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa, na ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa ndiyo mali pekee waliyokuwa nayo Wakhungu na mkewe.

Tena hakuwa wa Wakhungu. Neema, ndilo jina la ng'ombe huyo, alikuwa wa Nabwile. Alimnunua akiwa ndama kwa akiba ya kikundi chao cha akina mama, akamlea, na sasa maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yanamweka binti yao Peris shuleni. Wakhungu alipolileta lile neno mezani, Nabwile hakupiga kelele. Aliendelea kuondoa maganda ya maharagwe, kisha akasema dalali mmoja wa Chwele alikuwa akimtamani Neema tangu mwaka jana. Angekuja na pikapu Alhamisi asubuhi.

"Lakini Baba Peris," alisema, "pikapu haitaingia hapa mpaka nisikie sauti yako. Na usinipigie Jumatano jioni. Lala huko. Unajua kilichompata baba."

Wakhungu alijua. Marehemu mkwewe aliwahi kununua ng'ombe kwenye soko la Chwele, mwenye kiwele kilichojaa mpaka anatembea miguu imepanuka. Watu walimpongeza njia nzima. Jioni hiyo ng'ombe akajaza ndoo, kesho yake asubuhi akatoa kikombe kimoja cha maziwa, na keshokutwa kikombe kimoja. Muuzaji alikuwa hajamkamua siku mbili kabla ya soko. Tangu siku hiyo, kwao Nabwile hakuna anayenunua ng'ombe kwa kiwele cha sokoni. Unaenda kwa mwenye ng'ombe, unasimama akikamuliwa jioni, unalala jirani, unarudi asubuhi akikamuliwa tena. Mkamuo wa jioni ni wa muuzaji. Wa asubuhi ndio wako.

Basi Jumatano mchana Wakhungu alifika nyumbani kwa Kipkosgei, nje ya Kitale, njia ya kwenda Endebess. Jua lilikuwa kali na mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Kipkosgei alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amevaa jaketi lenye mifuko mingi ya kazi ya kamera. Macho yake yalikuwa yamechoka kuliko umri wake. Wakhungu aliyatambua macho yale, maana huyaona kila asubuhi kwenye kioo.

"Mzee, karibu sana. Umetoka mbali. Chai kwanza?"

"Chai itakuja. Tuone mgonjwa."

Kipkosgei alicheka kidogo. "Huyu si mgonjwa, bana. Huyu ni mzima kabisa."

Aliitoa mashine kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza uani. Wakhungu hakuwa na haraka. Aliigeuza juani akitafuta nyufa kwenye mikono yake. Alipitisha ukucha kwenye kila propela, akaipata moja iliyomegeka ncha, akaiweka kando bila kusema neno. Aliangalia vichwa vya skrubu chini ya tumbo. Viwili vilikuwa vimekwaruzwa.

"Hii imefunguliwa."

"Mara moja tu. Iligusa waya wa nguo. Fundi wa mjini akabadilisha mguu."

"Vizuri umesema."

Kisha akazichukua betri. Aliiweka ya kwanza juu ya meza, akaizungusha kwa kidole. Haikuzunguka, ilisugua mbao na kusimama. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilizunguka nusu duara, polepole, ndipo ikasimama.

"Unafanya nini sasa, mzee?"

"Betri ikifura tumbo, inazunguka kama pia. Hii imeanza kushiba."

"Aah, hiyo ni meza yako imeinama."

"Meza ni yako, kijana."

Chemutai, mke wa Kipkosgei, aliyekuwa akianika mtama karibu, aliangua kicheko, kisha akajifunika mdomo. Hata Kipkosgei alitabasamu. Wakhungu aliuliza karatasi za usajili, akaonyeshwa. Akaomba irushwe.

Ilipanda vizuri, huo ndio ukweli. Ilipita juu ya mahindi, juu ya miti, ikawa kama inzi. Wakhungu alimwambia Kipkosgei aachie rimoti kabisa, na mashine ikaganda angani kama iliyopigiliwa msumari. Kwenye skrini aliona mabati, barabara, mlima Elgon umelala upande wa pili, na mstari wa upeo umenyooka bila kuinama. Akaomba ipigwe amri ya kurudi yenyewe. Ikarudi, ikatua hatua mbili tu kutoka ilipoondoka. Ilikuwa imekaa angani dakika ishirini na mbili.

Goti la Wakhungu lilikuwa linauma kwa kusimama. Aliwaza paa na matangi na matawi ya mikaratusi, akawaza kukaa kwenye kiti cha plastiki kama bwana, vidole viwili tu vikifanya kazi. Alitamani sana. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni kwenye simu.

"Kwa nini unauza?" aliuliza badala yake.

Kipkosgei alianza kukunja mikono ya mashine. "Nimechoka, mzee. Harusi wanakulipa baada ya mtoto kuzaliwa. Nitarudi kwa shamba." Akafunga mkoba. "Sasa unasemaje? Kuna mtu wa Suam anaitaka hii. Ananipigia kila saa."

"Tutaiona tena kesho asubuhi."

"Kesho tena? Mzee, kwani hii ni ng'ombe?"

"Ndiyo," Wakhungu alisema. "Hasa kwangu mimi."

Kipkosgei hakucheka. Alijaribu kusema kwamba mchana na asubuhi ni anga hilohilo, kwamba aliyeona ameona. Wakhungu akamweleza habari ya msafara wa mochari unaotoka mapema. Mwishowe wakakubaliana saa mbili na nusu, jua likishatoka.

Wakhungu alilala kwenye gesti ya bei ya chini mjini Kitale, au tuseme alijilaza. Baridi ya Kitale iliingia kwenye goti na kukaa humo kama mpangaji. Kulipopambazuka aliona hakuna faida ya kuendelea kugeuka kitandani. Alichukua bodaboda, na saa moja kasorobo akashuka kwenye lango la Kipkosgei, karibu saa mbili kabla ya miadi.

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mahindi. Nyasi za nepia kando ya zizi zilikuwa zimelala kwa umande. Chemutai alimfungulia lango akiwa na ndoo ya maziwa mkononi.

"Shikamoo mzee. Umeamka mapema! Ingia jikoni kuna moto. Ako huko, anapasha hizo betri zake."

"Anapasha?"

"Si ni kila siku ya kazi," Chemutai alisema bila hila yoyote, akitangulia. "Bila moto asubuhi haziamki."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Kipkosgei alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la kuni, sweta la mtoto limetandazwa kwenye kigoda, na betri tatu zimepangwa juu yake. Alikuwa akizigeuza moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayechoma mahindi na hataki yaungue. Alipoinua macho, mkono ulibaki hewani.

Chemutai alitazama huku na huku, akaelewa, akaweka ndoo chini na kutoka.

Kumbe jana jua ndilo lililozibeba betri, na kiwele kilikuwa hakijakamuliwa! Wakhungu alitegemea hasira ije, akaingoja. Haikuja. Alivuta kigoda kingine akakaa, mguu ameunyoosha mbele ya moto.

"Kuzipasha si kosa," Kipkosgei alisema mwishowe. "Hata wenye mpya wanapasha."

"Sikatai. Sasa ya kupasha weka kando. Moja ipoe kwanza, halafu tuirushe."

Kijana aliutazama moto. Mimi namlaumu, na nitaendelea kumlaumu, kwa sababu kama maskini hawezi kumwambia maskini mwenzake ukweli juu ya betri, basi tusiwapigie kelele wakubwa. Lakini lazima pia niseme alichofanya baadaye. Aliichukua ile betri iliyokuwa imezunguka mezani, akatoka nayo nje, akaiweka juu ya nguzo ya zizi, kwenye ukungu.

"Ikipoa itaanguka, mzee," alisema. "Nakuambia mapema. Nyingine mbili zinaweza kushikilia kidogo, lakini na hizo zinaelekea hukohuko. Betri mpya siwezi kununua. Ndiyo maana nauza."

"Hilo ungeniambia jana."

"Jana ulikuwa bado hujajua."

Wakanywa chai. Simu ya Wakhungu ikalia wakiwa kwenye kikombe cha pili. Alikuwa Nabwile, na nyuma yake injini ya pikapu ilikuwa inanguruma.

"Baba Peris, huyu mtu amefika, yuko nje ya lango. Neema amefungwa kamba tayari, anaangalia tu. Nimwambie nini?"

"Mwambie angoje dakika tano. Usikate simu."

Walitoka wote wawili uani. Kipkosgei aliitoa betri kwenye nguzo, akaifuta umande kwa mkono wa jaketi, akaisukuma ndani ya mashine. Angeweza kukataa, hakukataa. Propela zililia, mashine ikapanda. Ilipita usawa wa paa la zizi, ikapita nyaya za umeme, na taa yake ya kijani ikawa nzuri ndani ya ukungu. Rimoti ikaanza kupiga mlio mfupi mfupi. Mashine ikatikisika kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Kipkosgei akaivuta irudi, lakini nguvu zilikatika zote kwa pamoja, sauti ikazimika, mashine ikashuka kama jiwe ndani ya nepia.

Ng'ombe wa Kipkosgei aliinua kichwa, akatazama, akaendelea kula.

"Mama Peris," Wakhungu alisema kwenye simu, "mfungue kamba."

"Nimfungue?"

"Mfungue arudi malishoni. Pole kwa huyo bwana wa pikapu."

Alisikia Nabwile akivuta pumzi ndefu. Akakata simu, akajua papo hapo kwamba kazi ya Tongaren imekwenda kwa kijana wa Webuye, na kwamba kabla ya saa sita itabidi amwambie Emmy hivyo kwa mdomo wake. Goti lilikuwa linamuuma. Alilisugua akiegemea nguzo ya zizi.

Kipkosgei alikuwa ameshaingia ndani ya nepia iliyompita kimo, anaonekana kwa mtikisiko wa majani tu. Ilimchukua muda. Alipotoka, suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani, nywele zimejaa umande, na ile mashine ameibeba kwa mguu mmoja, kichwa chini, kama mtu aliyetoka kumkamata kuku.