Habari Hairushwi Kama Jiwe

Kahonzi hakuutafuta ukamati. Siku wazazi walipokuwa wakichagua kamati ya shule, yeye alikuwa amekwenda kupeleka makuti ya kuezekea choo cha walimu. Chifu akasema lazima awepo mwanamke mmoja. Watu wakageuza shingo, wakamwona amesimama pale na mzigo wake kichwani. "Basi si huyo hapo!" akasema mtu, na mambo yakaisha hivyo. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba makuti yamenunuliwa, na yeye mwenyewe naye amechukuliwa.

Nyumba yake ilikuwa upande wa nyuma wa kijiji cha Ganda, karibu na shule kiasi cha kusikia watoto wakiimba hesabu. Kutwa alikuwa kivulini akishona makuti, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyosha, vidole vikienda vyenyewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kusoma hakusoma. Lakini mwanawe Kadii alikuwa darasa la saba, na jioni mtoto alipokuwa akisoma kwa sauti, Kahonzi alikuwa akipunguza moto wa chungu ili usitoe mlio.

Mwaka huo wa themanini na nne ndipo masomo yalipobadilishwa. Darasa la saba halikuwa mwisho tena. Kukazuka darasa la nane, na kila shule iliyolitaka ikaambiwa ijenge karakana ya watoto kujifunza kazi za mikono. Hayo Kahonzi aliyasikia juujuu tu. Aliyasikia vizuri siku alipompelekea hedimasta makuti ya jiko lake.

Hedimasta aliitwa Nahashon Mwaura, kijana wa bara, mrefu, mwenye kuzungumza upesi kama anayefukuzwa na mvua.

"Weka hapo, mama. Asante. Na pole kwa habari ya watoto."

"Habari gani, mwalimu?"

"Darasa la nane hatutakuwa nalo. Afisa wa elimu anakuja kabla ya kufunga shule, na karakana hakuna. Nimeita kamati mara ngapi! Hamtaki kuja. Watoto watatafutiwa nafasi Malindi mjini."

Kahonzi akakaa chini palepale juu ya makuti yake. Malindi mjini alikuwako wifi yake, Kavumbi, ambaye alikuwa amekwisha kumtaka Kadii. Akae kwake, amsaidie kazi ndogondogo, na shule aende. Ndivyo alivyoambiwa pia juu ya mwanawe wa kwanza, Kasiva, alipochukuliwa na watu wa Kilifi. Kasiva alilea mtoto wa watu, akafua, akapika, na mlango wa shule aliuona kwa nje akipita kwenda sokoni. Alirudi mtu mzima, kalamu hajui kuishika.

"Kamati umeiita vipi?" akauliza.

"Nimetuma watoto wa shule. Kila nyumba."

"Wakafika, wakakaa?"

"Wakae wafanye nini? Ni ujumbe tu."

Kahonzi akaguna. Hata kwake mtoto alipita njiani akapaza sauti, "Mwalimu awaita!" na kabla hajainua kichwa, mtoto alikuwa amekwisha potea. Na yeye hakwenda kuuliza. Alisema moyoni, wanaume wa kamati watajua.

"Mwalimu, vaa viatu vya kutembelea. Twenda kwa Mzee Jefwa."

"Sasa? Nina madaftari ya kusahihisha."

"Madaftari hayana miguu. Yatakungoja."

Jefwa Dzombo, mwenyekiti wa kamati, walimkuta akichonga mpini wa jembe. Aliwaona tangu mbali lakini hakuacha kuchonga. Kahonzi akapiga hodi, wakakaribishwa. Hedimasta hakungoja.

"Shikamoo mzee. Kuna jambo la haraka, ile karakana…"

Kahonzi akamvuta shati kwa nyuma. Jefwa alikuwa kama hakusikia. Akaita kiti, kikaja. Akaita maji, yakaja katika kata ya kifuu. Hedimasta akanywa akitazama saa yake. Kuku wakapita katikati yao.

"Haya. Habari za utokako?" akasema Jefwa.

"Nzuri, mzee."

"Nzuri ni salamu. Mimi nimeuliza habari."

Hedimasta akamtazama Kahonzi, Kahonzi akatazama kuku. Basi kijana akaanza, kwa shida, kama mtu anayepita kwenye miiba. Kwao mvua haikunyesha. Mahindi yalikauka mashambani, watu wanakula yale ya manjano ya msaada. Mkewe, Waruguru, amejifungua.

"Amejifungua!" Jefwa akaweka panga chini. "Lini?"

"Mwezi wa tano. Msichana."

"Jina lake?"

"Idah. Sijamwona bado." Sauti yake ikapungua mwendo kwa mara ya kwanza tangu afike Ganda. "Nauli ya huko, na shule yenyewe… Sijapata nafasi."

"Una mtoto hujamwona, umekaa hapo ng'ambo ya bonde, wala hutwambii?"

"Hamkuniuliza, mzee."

"Tutakuulizaje nawe huji?"

Hedimasta akainama akashika magoti yake. Kahonzi akaona aibu ikimpanda shingoni yeye mwenyewe. Mwezi wa tano! Na alikuwa akimpita mtu huyu kila siku na mzigo wake, "hujambo, sijambo", basi. Mke wa Jefwa, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akaja na mihogo ya kuchemsha, akampa mgeni kipande kikubwa kuliko vyote, hata bila kuulizwa.

Baada ya mihogo ndipo Jefwa akasema, "Na shule nayo yasemaje?"

Akaelezwa yote. Uso wake ukabadilika. "Mimi niliona mtoto kwenye baiskeli akipiga kelele, mkutano, mkutano! Nikadhani ni wa chama. Nikaingia ndani nikalala."

"Mzee!" hedimasta akacheka bila kutaka.

"Wacheka nini? Habari hairushwi kama jiwe. Huletwa, ikawekwa chini, ikatazamwa. Mama Kasiva, mchukue mwalimu kwa wenzetu wa kamati, kwa Baya na kwa Mwambire. Waambie mimi nimesikia."

Wakaenda. Kwa Baya ilikuwa vilevile, kiti, maji, mtoto anaitwa nani. Kwa Mwambire hedimasta alikuwa amekwisha jifunza, akaanza na Idah mwenyewe kabla ya kuulizwa, mpaka Mwambire akamtania, "Polepole, bwana, hata hujanywa maji!"

Toka hapo kazi ile ya kupeleka habari ikamwangukia Kahonzi. Ilimbidi azunguke nyumba za watu kutafuta makuti makavu, basi akawa anapita shuleni kwanza, hedimasta amwambie: miti imefika, fundi wa mlango amekwama, watoto wa darasa la saba wameongezeka. Naye huyapeleka, nyumba baada ya nyumba, akikaa kila mahali. Na majibu huyarudisha. Baya anasema udongo wa karibu na kisima ndio mzuri. Mwambire ana wanawe wawili hawana kazi. Yeye mwenyewe alitoa makuti ya paa zima, akayashona na Kasiva, mama na mwana, wakishindana nani atamaliza ufito wake kwanza.

Afisa alipokuja, karakana haikuwa imekwisha. Paa lilikuwako, lakini ukuta mmoja ulikuwa fito tupu, na mlango hakuna. Kahonzi alikuwa amesimama nyuma ya wanaume.

"Hii haijaisha, hedimasta," akasema afisa. "Na kamati yako ulisema haiji kazini."

Hedimasta akafungua mdomo, lakini Baya alimwahi. Ukuta ule, akasema, unangoja udongo uliolowekwa, utakandikwa Jumamosi, wenye kukandika ni hawa na hawa. Afisa akamgeukia Mwambire: mlango? Mwambire akajua uko kwa fundi gani na umebaki nini. Afisa akaona atege mtego kidogo, akamnyooshea kidole Kahonzi.

"Na wewe mama, watoto wa darasa la nane watakuwa wangapi?"

Kahonzi akataja. Akataja na wawili ambao baba zao bado wanasita, na kwamba Mzee Jefwa atakwenda kwao kesho.

Afisa akacheka. "Kamati hii! Kwani mnalala nyumba moja?"

"Hapana," akasema Kahonzi. "Twaambiana."

Afisa akaizunguka karakana mara moja tena, akatikisa nguzo kwa mkono, ikakataa kutikisika.

"Darasa la nane libaki," akasema. "Nikirudi mwezi wa kwanza nikute mlango."

Wanaume wakapeana mikono, hedimasta akamtafuta Kahonzi amshukuru, lakini alikuwa amekwisha ondoka, anakwenda kwa hatua ndefu, leso imemteleza hata hajali.

Nyumbani alimkuta Kadii ameketi kitandani. Karibu naye palikuwa na bunda la kanga limefungwa fundo: magauni yake mawili, kitana, viatu. Shangazi Kavumbi alikuwa ametuma neno kwamba atakuja kumchukua mwisho wa juma, na mtoto hakutaka kumpa mama kazi ya kumfungia.

Kahonzi akapiga magoti, akafungua fundo kwa meno maana lilikuwa limekazwa sana, akatoa gauni moja akalitundika msumarini, kisha la pili.

"Mama, kwani vipi?"

"Kwani vipi nini? Kachote maji. Kesho una shule."

Kadii akashika ndoo, akafika mlangoni, akarudi. Akamkumbatia mamake kwa nyuma, ndoo ingali mkononi, ikawagonga wote wawili magotini.